Kijana wa kushika simu: miwani za AR zitatufaa wapi huku kwetu

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, injini ya boti imefunguliwa juu ya benchi ya mbao, zile za farasi kumi na tano ambazo wavuvi wengi wa huku wanatumia, na fundi amekwama kwa kabureta. Mikono yake yote miwili imejaa oili. Simu yake imeshikwa na kijana wa miaka kama kumi na nne, wako kwa video na fundi mzee yuko Mombasa ambaye anazijua hizo injini vizuri sana. Sasa mzee anasema nionyeshe pale sindano inaingia, fundi anamwambia kijana omera inua, hapana shusha, leta karibu, si hapo, hapo unaonyesha kidole changu, kijana anasogea, kivuli chake kinaangukia kabureta, mzee anasema sioni kitu, ni giza tupu. Wakaendelea hivyo karibu dakika arobaini. Tatizo lenyewe lilipoonekana halikuwa kubwa, ni tundu la jeti lilikuwa limezibwa na uchafu wa petroli, waya mwembamba ukapitishwa, pampu ya baiskeli ikapuliza, ikaisha kwa dakika tano. Kijana akapewa hamsini bob na chapati.

Nimefuatilia habari za miwani za AR (augmented reality) kwa miaka mingi sasa, yaani hizo miwani na hedseti zinazokuwekea picha na maandishi juu ya vitu unavyoviona mbele yako, na nimesoma ahadi nyingi sana, lakini hiyo asubuhi ya Dunga ndiyo ilinipa kipimo. Ukiondoa matangazo yote, kazi ambayo hedseti inafaa kufanya huku kwetu ni kazi ya huyo kijana. Ishike kamera pale fundi anaangalia, imletee fundi machoni kile mwenzake anachoonyesha, na imwachie mikono yake. Basi. Kwa hivyo siku hizi mtu akiniambia kuna hedseti mpya imetoka nauliza kitu kimoja tu, inamshinda kijana wa kushika simu, na inamshinda kwa bei gani?

Na hii kitu tangu mwanzo ilikuwa ya mafundi. Ivan Sutherland alitengeneza hedseti ya kwanza ya namna hii Marekani mwaka 1968, ilikuwa nzito mpaka ikabidi ining'inizwe kwa dari, lakini jina lenyewe la AR lilitoka kiwandani, kwa Tom Caudell wa Boeing mwaka 1990. Shida yao ilikuwa nyaya. Ndege moja inabeba nyaya nyingi ajabu, na wafanyakazi walikuwa wanazipanga juu ya mbao kubwa zilizochorwa njia ya kila waya, kila aina ya ndege na ubao wake, wakibadilisha kitu kidogo ubao unatengenezwa upya. Caudell akawaza, mbona huyu mtu asivae kitu kinachomwonyesha njia ya waya juu ya ubao mtupu, mikono ibaki kwa waya, macho yabaki kwa kazi, maelezo yaje palepale. Miaka ishirini na kitu baadaye Boeing walijaribu Google Glass, miwani ya Google yenye kamera na skrini ndogo, kwa kazi hiyohiyo ya nyaya wakasema muda umepungua kwa asilimia 25. DHL, kampuni ya kusafirisha mizigo, nao 2015 walitoa matokeo ya bohari yao moja Uholanzi, wachaguzi wa mizigo walivaa miwani inayowaonyesha rafu gani na vitu vingapi, nao wakasema kazi imeongezeka kwa asilimia 25. Hizo ni kazi za watu walioshika kitu mkononi.

Mambo yaliharibika pale kampuni zilipotaka kumuuzia kila mtu anayetembea barabarani. Google Glass ilianza kuuzwa 2013 kwa dola 1,500, watu wakachukia kuangaliwa na kamera ambayo hujui kama inarekodi, Januari 2015 ikaondolewa kwa watu wa kawaida. Magic Leap walikusanya zaidi ya dola bilioni mbili kutoka kwa wawekezaji, 2018 wakatoa hedseti ya dola 2,295 na watu hawakuona cha kufanya nayo. Apple wakaleta Vision Pro Februari 2024, dola 3,499, ambayo ukipiga kwa dola ya shilingi 129 ni kama 450,000, hiyo ni plot ndogo mahali fulani, na betri yake inaning'inia kwa waya kiunoni na inakaa kama saa mbili. Ni kifaa kimetengenezwa kwa ustadi mkubwa sana, hilo silikatai, lakini kazi yake ni kuketi kwa kochi.

Sasa kitu ambacho kinanisumbua, na sitaki kukificha kwa sababu kinagusa hoja yangu mwenyewe, ni kwamba hata zile kubwa za kazi zimekufa. Google waliendelea na Glass ya viwandani tangu 2017, Machi 2023 wakaifunga. Microsoft walitoa HoloLens 2 mwaka 2019 kwa dola 3,500, hiyo ndiyo ilikuwa ya mahospitali na viwanda, Oktoba 2024 wakasema hawatengenezi tena. Jeshi la Marekani lilikuwa limesaini nao 2021 mkataba wa mpaka dola bilioni 21.88 wa hedseti ya aina hiyo ya wanajeshi, wanajeshi walioijaribu wakalalamika kuumwa na kichwa na macho na kichefuchefu, na Februari 2025 kazi ikaanza kuhamishwa kwa kampuni ya Anduril. Ukisoma hiyo orodha haraka utasema basi, hii teknolojia haina maisha. Mimi naisoma tofauti. Naona watu waliopewa kitu kikubwa kuliko kazi iliyokuwepo.

Niliivaa moja ya hizo kubwa mwaka jana Nakuru, kwa chuo kimoja cha mafunzo kilichokuwa kinaonyesha vifaa vipya, kampuni sitaitaja. Ndani ya chumba ilikuwa poa. Mota ya umeme ilikuwa juu ya meza, mishale ya buluu inaelea juu ya bolti, fungua hii kwanza, halafu hii, na kwa dakika tano za kwanza nilifurahi kabisa. Halafu nikaanza kusikia shingo. Hizi vitu zina uzito wa nusu kilo na zaidi, HoloLens 2 ni gramu 566, chukua pakiti ya nusu kilo ya sukari ufunge kwa kipaji cha uso halafu uiname juu ya mota utanielewa. Picha yenyewe haijazi macho, inakaa kwa dirisha dogo katikati, ukigeuka kidogo mshale unakatika. Dada mmoja tuliyekuwa naye alikuwa amesuka rasta nzuri ndefu, mkanda ukakataa kukaa, ikabidi aishikilie kwa mkono wakati wote, na hiyo nikaiandika kwa daftari kwa sababu sioni vile utamwambia mwanafunzi wa kike afumue nywele ndio asome.

Halafu tukatoka nje. Nakuru, saa sita mchana, jua la ikweta. Mishale ikapotea yote.

Hapa nataka nikae kidogo maana watu wengi hawaelezwi hiki kitu. Hedseti ya kioo, ile unaona vitu kwa macho yako mwenyewe na picha inaongezewa juu, inafanya kazi kama tochi. Inaweza kuongeza mwanga tu. Mulika tochi kwa ukuta usiku utaona duara, mulika ukuta huohuo mchana hakuna kitu, na hakuna tochi duniani inayoweza kumulika rangi nyeusi. Ndio maana hizo hologramu, yaani hizo picha zinazoelea, huwa zinaonekana kama mzimu, huwezi kuchora kivuli, huwezi kuziba kitu kilicho nyuma. Na mwanga mwingi unapotelea ndani ya kioo kabla haujafika kwa jicho. Karatasi nyeupe ikiwa juani inarudisha mwanga wa zaidi ya niti 20,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kitu au skrini), HoloLens 2 ilikuwa na kama 500. Huwezi kushindana na jua la Kisumu kwa hizo namba, na Maseno iko palepale kwa laini ya ikweta. Kuna njia nyingine, ile ya Quest 3 ya Meta na Vision Pro, ambapo kamera zinachukua picha ya nje na wewe unaangalia skrini tupu, hapo rangi nyeusi unapata na kivuli unapata. Lakini betri ikiisha uko gizani. Mtu amesimama kando ya propela inayozunguka, au yuko juu ya nguzo ya stima, umzimie macho ghafla? Hapana, mimi siwezi kumpa ndugu yangu hiyo kitu afanyie kazi.

Kwa hivyo nikarudi kwa kijana wa Dunga nikauliza, kwani fundi alihitaji hologramu? Hakuhitaji. Alihitaji kamera kwa kipaji cha uso, spika sikioni na skrini ndogo pembeni ya jicho ambayo mzee akichora duara kwa picha yeye anaiona. Na hicho kifaa kipo. RealWear wamekuwa wakitengeneza tangu 2017, ni mkono mdogo unashikana na kofia ya kazi, skrini yake ni ndogo na si ya kuona upande ule mwingine, inakaa chini kidogo ya jicho kama tableti imeshikwa mbali kidogo, unainua jicho unaona kazi, unashusha jicho unaona maelezo, na unaiamrisha kwa sauti. Wataalamu wengine hukataa hata kuiita AR. Waikatae. Kwa vile skrini haipiti mwanga jua haliimalizi, na ukiitoa au ikizima macho yako bado yako wazi. Tatizo ni bei, bado ni zaidi ya laki mbili, na kwa laki mbili kijana wa hamsini bob atashika simu mara elfu nne.

Hiyo hesabu ndiyo inaamua wapi inafaa leo na wapi bado. Fundi wa boti, bado. Lakini twende Olkaria pale upande wa Naivasha, ambako mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukitoa stima tangu 1981. Turbini nyingi za pale zimetoka Japani, kwa kampuni kama Mitsubishi na Toshiba, na saa ya turbini kusimama ni pesa ambayo huwezi kulinganisha na bei ya hedseti kumi. Mtaalamu wa kutoka Japani ni tiketi ya ndege na hoteli na siku mbili tatu njiani, na 2020 mipaka ilipofungwa hata hiyo haikuwezekana. Mhandisi wetu akivaa kamera kwa kofia, yule wa Japani anaona bolti ileile kwa dakika hiyohiyo, na zaidi ya hapo yule wetu anajifunza, wakati mwingine hatampigia. Hapo hedseti ya laki mbili imejilipa kwa asubuhi moja. Viwanda vya sukari huku magharibi vile mashine zake ni za miaka mingi na waliozifunga wamestaafu, hapo pia naona kazi. Vifaa vya hospitali za kaunti, vile vinakaa chini ya turubai vikingoja fundi wa Nairobi, hapo naona kazi kubwa sana kuliko zote.

Na nikisema hospitali nisieleweke vibaya, si daktari kupasua akiwa amevaa hologramu. Mfano wa AR ambao mimi naupenda kuliko yote hauna hata hedseti. Kuna kifaa kidogo cha kushika mkononi cha kutafuta mshipa, kinatoa mwanga wa infraredi, damu kwa mshipa inaumeza huo mwanga kuliko nyama iliyo kando, kamera inaona tofauti, halafu kifaa kinamulika ramani ya mishipa juu ya ngozi yenyewe. Nesi anaona, mama wa mtoto anaona, mwanafunzi aliyesimama nyuma anaona. Hakuna mtu amefungwa kitu kichwani. Yeyote ambaye amewahi kukaa usiku wodi ya watoto huku kwa ukanda wa ziwa na malaria yetu, mtoto amekauka maji mwilini, nesi anatafuta mshipa mara ya tatu, mara ya nne, mkono, mguu, mpaka kichwani, na mtoto hana tena nguvu ya kulia, atajua ninachosema. Nimekaa hiyo wodi. Nikipewa pesa za hedseti moja ya kifahari nichague, sichukui dakika moja kuchagua.

Kuhusu bei, watu hunijibu kwamba simu pia zilikuwa ghali. Ni kweli, na huo mfano uangaliwe vizuri. Smartphone iliingia mikononi mwa watu wa kawaida hapa Kenya pale ilipofika kwa bei ya watu, Huawei IDEOS ya 2011 ilikuwa kama elfu nane hivi, na kitu cha kufanya nayo kilikuwa tayari kimengoja, M-Pesa ilikuwa na miaka minne, Facebook watu walikuwa wameshaijua kwa saiba. Miwani zinashuka pia. Septemba 2025 Meta walitoa Ray-Ban Display, gramu 69, dola 799 ambayo ni kama 103,000, skrini kwa jicho moja tu, na mwanga wa mpaka niti 5,000 ndio angalau unaonekana nje. Kutoka 500 mpaka 5,000 na kutoka gramu 566 mpaka 69 si mchezo, ingawa dirisha la picha limekuwa dogo zaidi. Lakini ni kitu gani kimengoja? Kusoma meseji bila kutoa simu mfukoni? Mtu wa Kondele hapa Kisumu akitoa simu mfukoni hajaumia.

Kuna moja ninayoiona, nayo ni maandishi ya kile mtu anaongea. Kwa mzee aliyepoteza kusikia akiwa ameshajua kusoma, kuona maneno ya mjukuu wake chini ya uso wake wakati anaongea, hiyo ni kurudishiwa familia. Google Translate iliongeza Kijaluo, yaani Dholuo, Juni 2024, kwa hivyo mlango umeanza kufunguka. Ila nyumba ya Kisumu haiongei lugha moja, sentensi inaanza kwa Dholuo inapita Kiswahili inaishia Kizungu, na mashine zinazofundishwa lugha moja moja hapo zinachanganyikiwa. Na viziwi waliokulia kwa lugha ya ishara ya Kenya maandishi si lugha yao ya kwanza, hao wanahitaji kitu kingine na ni vizuri tuwaulize wenyewe.

Kuna pia hiyo kamera. Sheria yetu ya kulinda data ni ya 2019, na 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Hizo zilikuwa picha za kawaida ambazo mtu alijua kamera iko. Ingia soko la Kibuye siku ya Jumapili na miwani inayorekodi uone vile mama wa mitumba atakuangalia akijua, na ana haki yake. Kwa karakana na kiwandani hili ni rahisi, kila mtu anajua aliyevaa kofia ya kamera anafanya nini. Sokoni na kwa matatu si rahisi, na sitaki tungoje mpaka msichana wa mtu aumizwe ndio tuanze kuongea.

Lakini tukirudi kwa ile asubuhi, kitu ambacho kingevunjika kwanza hakikuwa kamera. Ni yule mzee wa Mombasa. Fundi aliniambia huwa anamtumia mia tano kwa M-Pesa kila akimsaidia, hawajaandikiana, ni heshima tu, na wakati mwingine mzee hachukui simu kwa sababu yuko msikitini au amelala au macho yanamsumbua. Vyuo vyetu vya ufundi vinapenda kununua vifaa, unaona maabara mpya, utepe unakatwa, hedseti thelathini kwa kabati la kioo, na hakuna hata mtu mmoja ameajiriwa kukaa upande ule mwingine wa laini na kujibu. Mimi ningefanya kinyume. Hedseti mbili, na hela inayobaki walipwe wazee watano wanaojua injini, mota, friji za samaki, vinu vya posho na mashine za hospitali, wawe na saa zao za kujibu, na kila wanachoonyesha kirekodiwe kwa Kiswahili na Dholuo na Kiluhya ndio siku hawako tuwe bado nao. Kampuni ikiacha kutengeneza kifaa chake kama vile Google na Microsoft walivyofanya, hizo video bado ni zetu, na zinachezwa kwa simu yoyote.

Injini ilipowaka pale Dunga moshi ulitoka kidogo halafu ikatulia, na fundi akaanza kupanguza mikono kwa kitambaa. Nikamweleza hii habari yote ya kamera kwa kofia na skrini pembeni ya jicho. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama inaweza kuanguka majini ikatoka bado inafanya kazi. Nikamwambia nyingi haziwezi. Nikamuuliza, ikiweza, wewe ungenunua kwa ngapi? Akaangalia boti, akaangalia kijana ambaye alikuwa bado anakula chapati, akapiga hesabu yake kimya.

"Elfu nane," akasema. "Na nilipe pole pole."